Mkwamo wa Uandishi na Kicheko cha Msibani: Filamu ya Seven Psychopaths katika Mizani ya Utani wa Pwani, kwa Rejea ya Kibaha na Kisarawe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya mkwamo wa uandishi na ucheshi unaotokana na kifo, kwa kutumia filamu ya Seven Psychopaths (2012) iliyoandikwa na kuongozwa na Martin McDonagh. Filamu hiyo inamhusu mwandishi wa miswada ya filamu ambaye ana jina la kazi yake lakini hana hadithi. Ufafanuzi unafanywa kwa mizani ya utani, hususani utani wa msibani unaofahamika katika jamii za Mkoa wa Pwani, zikiwemo zile za Kibaha na Kisarawe. Hoja inayojengwa ni kwamba mwandishi hukwama si kwa kukosa fikra pekee, bali pia kwa kukosa uhusiano halali na watu ambao maisha yao yanakuwa malighafi ya kazi yake. Makala yanabainisha masharti matatu ya utani, yanayatumia kuipima filamu, kisha yanaonesha mipaka ya mizani hiyo na umuhimu wake kwa waandishi wa miswada nchini Tanzania.

1.0 Utangulizi

Filamu zinazomfanya mwandishi aliyekwama kuwa mhusika mkuu si ngeni katika historia ya sinema. Barton Fink (1991) ya ndugu Joel na Ethan Coen, iliyopata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka huohuo, inamweka mwandishi wa tamthilia katika hoteli ya Hollywood akiwa ameshindwa kuendelea na mswada alioagizwa. Adaptation (2002), iliyoandikwa na Charlie Kaufman na kuongozwa na Spike Jonze, inamfanya Kaufman mwenyewe kuwa mhusika anayeshindwa kugeuza kitabu kuwa filamu. Seven Psychopaths inaingia katika mkondo huo, ila inaongeza jambo moja: kila hadithi anayoihitaji mwandishi ili ajikwamue ni hadithi ya kifo cha mtu, na mara nyingi mwenye kifo hicho au aliyefiwa yuko karibu naye.

Jambo hilo ndilo linaloifanya filamu hii iwe na maana kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Katika jamii nyingi za Tanzania kuna watu wenye ruhusa ya kucheka msibani. Watu hao ni watani. Ruhusa yao haitokani na kipaji cha uchekeshaji wala na ujasiri, bali na uhusiano unaotambuliwa na pande zote. Swali linaloongoza makala haya ni hili: ikiwa mtani hucheka msibani kwa haki inayojulikana, mwandishi wa filamu anayechekesha kwa kifo cha mwingine anaipata wapi haki yake? Na je, kukwama kwake kunaweza kuelezwa kwa kukosekana kwa haki hiyo?

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

2.1 Mkwamo wa uandishi

Mkwamo wa uandishi ni hali ya mwandishi mwenye uwezo na nia ya kuandika kushindwa kuandika kwa muda fulani. Dhana hii iliingizwa katika taaluma ya saikolojia na Edmund Bergler, mwanasaikolojia mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi New York, aliyeifafanua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1950. Kwa Bergler, chanzo cha mkwamo kimo ndani ya nafsi ya mwandishi, katika migogoro ya utotoni ambayo haikutatuliwa. Mtazamo tofauti ulitolewa na Mike Rose mwaka 1984. Rose aliwachunguza wanafunzi wa chuo kikuu na kubaini kuwa wengi waliokwama walikuwa wakifuata kanuni za uandishi kwa ukali kupita kiasi, au walikuwa na mipango ya uandishi isiyokubali mabadiliko. Kwake, mkwamo ni suala la namna ya kufikiri na kupanga kazi.

Mitazamo hiyo miwili inatofautiana kuhusu chanzo, lakini inafanana katika jambo moja: yote inamtazama mwandishi akiwa peke yake na karatasi yake. Watu anaoandika habari zao hawamo katika maelezo. Makala haya hayapingi mitazamo hiyo. Yanaongeza upande wa tatu ambao haukugusiwa, yaani upande wa wenye habari.

2.2 Kicheko cha msibani

Istilahi ya utanzu ambao katika lugha za Ulaya huhusishwa na rangi nyeusi haijatulia katika Kiswahili. Tafsiri sisisi ya "ucheshi mweusi" haimpi msomaji wa Kiswahili picha ya kinachozungumzwa, kwa kuwa weusi katika lugha hii hauambatani moja kwa moja na kucheka kwa ajili ya kifo. Istilahi ya tanziaramsa nayo haitoshi. Tanziaramsa huchanganya huzuni na furaha katika kazi moja, aghalabu kwa kuyafanya mambo mazito yaelekee kwenye mwisho mwema. Katika utanzu unaojadiliwa hapa, kicheko hakiji kabla ya kifo wala baada yake. Kinatoka ndani ya kifo chenyewe.

Kiswahili kina methali inayokaribia wazo hili: kifo cha wengi harusi. Methali hiyo inakiri kuwa msiba unaposhirikiwa na wengi hupata sura ya sherehe. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia istilahi ya "kicheko cha msibani" kwa maana ya ucheshi unaotumia kifo, maradhi au ukatili kuwa kiini chake, bila kuyaondolea mambo hayo uzito wake.

3.0 Utani na Masharti Yake

Utani nchini Tanzania umeandikwa na wataalamu wengi. R. E. Moreau alichapisha uchunguzi wake kuhusu utani wa Tanganyika katika jarida la Africa mwaka 1944, akieleza mahusiano ya utani baina ya makabila mbalimbali. J. B. Christensen (1963) alieleza utani wa Waluguru na kusisitiza kuwa dhihaka huambatana na wajibu. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas alikusanya habari nyingi za utani wa mashariki ya Tanzania na nafasi yake katika historia za koo.

Utani wa makabila ya pwani na Wanyamwezi na Wasukuma huhusishwa na historia ya misafara ya biashara ya karne ya 19, ambapo wapagazi kutoka bara walikaa kwa miezi kadhaa miongoni mwa watu wa mwambao na wa nyuma ya mwambao, wakiwemo Wazaramo wa Kisarawe na Wakwere wa maeneo ya Bagamoyo na Kibaha. Mgeni aliyefia safarini alihitaji mtu wa kumzika. Ndiyo maana utani wa kabila kwa kabila haukuishia kwenye maneno ya mzaha, bali ulifika kaburini.

Msibani, mtani anaweza kuigiza mwendo na usemi wa marehemu, kujilaza kaburini na kudai alipwe ndipo atoke, kuwazuia wachukuaji wa jeneza, au kulia kilio cha uongo kinachowachekesha hata wafiwa. Mfiwa hapaswi kukasirika. Hata hivyo mtani huyohuyo ndiye anayetarajiwa kushika jembe, kuchota maji, kupika na kukesha. Kutokana na maelezo hayo, masharti matatu ya utani yanaweza kubainishwa.

Sharti la kwanza ni uhusiano. Mtani anajulikana kabla ya msiba kutokea. Hawezi kujitangaza kuwa mtani pale kaburini. Sharti la pili ni wajibu. Anayecheka hutumika, na kazi yake ni kubwa kuliko ya mgeni wa kawaida. Sharti la tatu ni marejeo. Anayemtania mwenzake leo atataniwa kesho msiba utakapokuwa kwake. Mzaha usiotimiza masharti haya huitwa kwa jina jingine, nao ni utovu wa adabu.

4.0 Mwandishi Aliyekwama katika Seven Psychopaths

4.1 Muhtasari wa filamu

Marty, anayeigizwa na Colin Farrell, ni Muailandi anayeishi Los Angeles na kuandika miswada ya filamu. Ni mlevi, na kwa mswada wake mpya ana jina tu. Anataka kuandika kuhusu saikopathi saba, yaani wauaji saba wasio na huruma, lakini anataka filamu hiyo isiwe ya kumwaga damu, bali iwe ya amani na upendo. Rafiki yake Billy (Sam Rockwell), mwigizaji asiye na kazi, anaiba mbwa wa watu akishirikiana na mzee Hans (Christopher Walken), ambaye huwarudisha kwa wenyewe na kupokea zawadi. Mambo yanaharibika wanapomchukua mbwa mdogo wa aina ya shih tzu, ambaye mmiliki wake ni jambazi Charlie (Woody Harrelson). Charlie anaanza kuwasaka, na mke wa Hans, Myra, aliyelazwa hospitalini kwa saratani, anauawa.

4.2 Chanzo cha mkwamo

Ukitazamwa kwa nadharia ya Rose, mkwamo wa Marty unaeleweka kwa sehemu. Amejiwekea kanuni mbili zisizopatana: hadithi iwe ya wauaji, na isiwe na mauaji. Nadharia ya Bergler nayo ingeutazama ulevi wake kuwa dalili ya jambo la ndani zaidi. Lakini filamu yenyewe inaonesha tatizo jingine. Marty hajui lolote kuhusu vifo anavyotaka kuviandika. Hajafiwa na mtu katika hadithi hizo, hajamzika yeyote, wala hana uhusiano na yeyote kati ya waliotendewa. Anahitaji misiba ya watu wengine, na hana njia ya kuifikia isipokuwa kusimuliwa.

Namna anavyozipata hadithi hizo inathibitisha jambo hilo. Hadithi ya mcha Mungu wa madhehebu ya Quaker, ambaye binti yake aliuawa na ambaye alimfuata muuaji kwa miaka mingi bila kusema neno, inamfikia Marty kupitia kinywa cha Billy kana kwamba ni kisa cha kubuni. Baadaye inabainika kuwa mcha Mungu huyo ni Hans. Msiba wa mzee aliyekuwa akiketi naye umeshaingizwa katika mswada bila mwenyewe kuombwa ridhaa. Kicheko ambacho mtazamaji alikicheka wakati wa simulizi ile kinabadilika ladha pindi anapojua kuwa mfiwa yumo chumbani.

4.3 Sharti lililosahauliwa

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Zachariah, anayeigizwa na Tom Waits. Anakuja kwa Marty akiwa na sungura mikononi baada ya Billy kuweka tangazo gazetini la kuwaita watu wa aina yake. Anasimulia jinsi yeye na mpenzi wake Maggie walivyozunguka Marekani wakiwaua wauaji, na jinsi walivyotengana. Haombi fedha. Anaomba kitu kimoja tu: filamu itakapokamilika, iwekwe humo salamu kwa Maggie ili ajue kuwa anatafutwa.

Kwa lugha ya utani, Zachariah ameweka sharti la wajibu. Ametoa msiba wake ucheshiwe, na ametaja kazi ambayo mwenye kucheka anapaswa kuifanya. Marty anakubali. Filamu inakamilika, inaoneshwa, nayo salamu haimo. Amesahau. Zachariah anampigia simu na kumwarifu kuwa atakuja kumuua siku ya Jumanne. Marty anapokea habari hiyo kwa sauti ya mtu aliyechoka, bila kujitetea, na Zachariah anatambua kuwa mtu huyu naye amepitia jambo zito. Anamwacha.

Tukio hilo fupi lina umuhimu mkubwa katika ufafanuzi huu. Kufikia wakati huo Marty ameshampoteza Hans na Billy, na amebaki na mbwa. Deni lake halikulipwa kwa wajibu, lakini limekutana na sharti la tatu, yaani marejeo: aliyecheka misiba ya wengine sasa ana msiba wake, na anayemdai anausikia msiba huo katika sauti yake. Huo ndio msamaha ambao utani huujua. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hapa deni linafutwa kwa kuwa mdaiwa naye amekuwa mfiwa.

4.4 Anayekwamua

Marty pia ana hadithi ya mtu wa Vietnam anayekuja Marekani kulipiza kisasi cha mauaji ya My Lai ya mwaka 1968. Hadithi hii ni ya kwake, ameibuni, nayo inakwama kabisa kwa kuwa hajui kisasi hicho kiishie wapi. Anayeimalizia ni Hans. Katika maneno aliyoyaacha kwenye kinasa sauti kabla ya kuuawa, Hans anakigeuza kisa chote kuwa wazo la mwisho la mtawa wa Kibudha anayejichoma moto kwa kupinga dhuluma, kama alivyofanya Thích Quảng Đức mjini Saigon mwezi Juni 1963. Kisasi kinageuka kuwa kujitoa mhanga.

Ni dhahiri kuwa Hans hakuwa mwandishi. Hakuwa na ujuzi wa kuunda miswada uliompita Marty. Alichokuwa nacho ni binti aliyeuawa, mke aliyeuawa, na miaka mingi ya kuishi na kisasi na kujua kuwa hakimalizi kitu. Mkwamo ulitatuliwa na mwenye uhusiano halali na jambo lenyewe. Hans huyohuyo ndiye aliyemkosoa Marty kwamba wanawake katika mswada wake hawana la kusema na hufa mapema. Ukosoaji huo unagusa filamu nzima, kwani Myra naye, mwanamke mwenye utu mzito kuliko wengi ndani ya filamu, hapewi muda mrefu. McDonagh analijua kosa hilo na analitaja, lakini kulitaja hakukumfanya alisahihishe. Kwa mizani ya utani, huo ni wajibu uliotambuliwa bila kutekelezwa.

5.0 Mizani Hii kwa Muktadha wa Kibaha na Kisarawe

Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na Kisarawe, iliyo kusini-magharibi mwa Dar es Salaam nyuma ya vilima vya Pugu, ni maeneo yaliyo karibu na jiji ambalo ndilo kitovu cha filamu za Kiswahili nchini. Kibaha imepitiwa na Barabara ya Morogoro, na Hospitali ya Tumbi imekuwa ikipokea majeruhi wengi wa ajali za barabara hiyo. Ni mahali ambapo msiba wa mtu asiyejulikana hufika mlangoni bila taarifa. Maeneo haya mawili yana urithi wa utani wa msibani na wakati huohuo yamo jirani na tasnia inayohitaji hadithi kila siku. Mwandishi wa mswada anayetoka huko anasimama katikati ya mifumo miwili ya kusimulia misiba.

Mfumo wa filamu za Kiswahili uliokua tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulirithi mengi kutoka katika vichekesho vya jukwaani. Siri Lange (2002) alionesha jinsi vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vilivyotunga michezo kwa kukubaliana mtiririko wa matukio na kuwaachia waigizaji mazungumzo. Katika utaratibu huo mkwamo wa mtu mmoja hauonekani sana, kwa kuwa hakuna mtu mmoja anayebeba hadithi nzima. Mmoja akikosa neno, mwenzake hulitoa. Mkwamo kama wa Marty huja pale kazi inapohamia kwenye karatasi na kukabidhiwa mtu mmoja.

Sheria imechangia kuhamia huko. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya filamu kutengenezwa, na mwombaji kibali hulazimika kueleza kinachokusudiwa kuoneshwa. Hivyo maandishi hutangulia kamera. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 nayo inamlinda mtunzi wa kazi, na inalinda pia semi na sanaa za jadi za jamii. Lakini hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa. Hailindi tukio lenyewe. Ngano ya Kizaramo ina ulinzi, mswada uliokamilika una ulinzi, ila mama aliyemsimulia mwandishi jinsi mwanawe alivyokufa hana haki ya utunzi juu ya kifo hicho. Nafasi aliyomo mama huyo ndiyo nafasi ya Zachariah: anachoweza ni kuomba, na mwandishi anaweza kusahau.

Hapo ndipo utani unapotoa kipimo ambacho sheria hizo hazikukitoa. Mwandishi anayetaka kuandika kicheko cha msibani katika mazingira haya anaweza kuulizwa maswali matatu yanayotokana na masharti yaliyobainishwa: ana uhusiano gani na wenye msiba, amewafanyia au atawafanyia nini, na je, yuko tayari msiba wake mwenyewe uchekwe kwa kiwango hichohicho? Asiyeweza kuyajibu anaweza kukwama, na kukwama huko kusiwe ugonjwa. Kunaweza kuwa ni ishara ya adabu: moyo unakataa kucheka mahali ambapo haujapewa ruhusa.

6.0 Mipaka ya Mizani

Mizani hii ina mipaka isiyopaswa kufichwa. Kwanza, utani ni wa watu wanaojuana na hufanyika mahali pamoja. Kaburi likishafukiwa, mzaha nao huisha. Filamu hurudiwa mara nyingi mbele ya watu wasiomjua marehemu wala mtani, hivyo ruhusa iliyotolewa uwanjani haiwezi kuhamishiwa kwenye kioo bila kupungukiwa. Pili, utani wenyewe unabadilika. Katika misiba mingi ya mijini watani hutoa mzaha na kudai fedha huku kazi za kaburini zikifanywa na wengine. Wajibu unapopungua, hata utani huanza kufanana na uchekeshaji wa kulipwa. Tatu, si kila anayeandika kuhusu wasiohusiana naye hukosea. Fasihi ingekuwa finyu mno kama kila mtu angeandika habari za ukoo wake tu.

Mipaka hiyo haiondoi hoja, bali inaisahihisha. Kinachohamishika kutoka kwenye utani kwenda kwenye filamu si ruhusa ya kucheka. Kinachohamishika ni wajibu. Mwandishi hawezi kuwa mtani wa kila mtu, lakini anaweza kutimiza alichoahidi kwa yule aliyempa hadithi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa Seven Psychopaths inaweza kusomwa kama filamu kuhusu deni. Mwandishi wake amekwama kwa kuwa anataka misiba isiyo yake. Anakwamuliwa na mtu aliyefiwa kweli. Na anaponea chupuchupu kulipa kwa uhai wake kwa sababu ya ahadi ndogo aliyoisahau. Nadharia za Bergler na Rose zinaeleza sehemu ya mkwamo huo, na utani wa msibani unaeleza sehemu iliyobaki, yaani ile inayowahusu wenye habari.

Kwa waalimu na wasimamizi wa kazi za uandishi wa miswada, matokeo ya ufafanuzi huu ni ya kivitendo. Mwanafunzi anapokwama, pamoja na kuulizwa hadithi inaelekea wapi, aulizwe pia ni ya nani na mwenyewe aliomba nini. Tafiti zijazo zinaweza kuchunguza jinsi watani wa Kibaha na Kisarawe wanavyoipokea filamu inayochekesha kwa kifo, kwa kuwa hao ndio wajuzi wa utanzu huu walioufanyia kazi kwa jembe mkononi muda mrefu kabla ya kamera kufika.